Kalenda ya Chooni

Kwa miaka minne Fenna alikuwa akimeza vidonge vya kutuliza wasiwasi. Sasa ana mimba ya wiki nane, na wasiwasi wake mkubwa ni vidonge vyenyewe. Alitaka kuvitupa vyote siku ile ile alipojua ana mimba. Daktari akamkataza katakata: kuviacha ghafla ni hatari, apunguze kidogo kidogo.

Basi akatafuta pa kuandika dozi zake kwa siri, na kama Mholanzi yeyote mwenye akili timamu, akachagua kalenda ya siku za kuzaliwa na umri wa ndugu, ile inayotundikwa chooni mbele ya macho ya kila anayeketi. Kwa kila wiki ijayo aliandika mapema namba ndogo: kumi, tisa, nane, mpaka sifuri.

Jumapili mama mkwe wake, Geertje, alikuja kunywa kahawa. Akaenda chooni, akakawia.

"Mwanangu," alisema aliporudi, "huyo ndugu yenu anayepungua umri kila wiki ni nani?"

Uso ukamwiva Fenna. "Ni dawa zangu, mama. Napunguza."

"Ningejua kupunguza! Mimi, nilipombeba mumeo tumboni, niliziacha zangu kwa siku moja kwa kiburi, nikabebwa hospitali natetemeka mwili mzima."

"Mama! Nani kakwambia nina mimba?"

"Wewe, sasa hivi. Nipe kahawa."

Alipoondoka, Fenna alikimbilia chooni. Penye sifuri, Geertje alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, wageni wote wasome: "Keki naleta mimi. Usiwe na wasiwasi."