Goti la Pili

Kazi yangu hapa Toronto ilikuwa kuwafunga plasta magotini wachezaji wa raga ya kulipwa, ile ya watu kumi na watatu. Shule sikusoma, lakini kufunga najua. Siku hiyo wote walikataa kufungwa. Mishahara ilikuwa imekwama, na ligi ilisema asiyeingia uwanjani atafukuzwa. Mkwe wangu alikuwa mmoja wao, na viza yake ilitegemea mkataba wake wa kucheza. Kwetu mkwe hamnyooshei baba mkwe mguu, lakini yeye akaunyoosha.

“Nifunge, baba.”

Nikafunga goti moja.

“Mfunge na mdomo, mzee,” mwenzake akasema, “asije akadai mshahara.”

Nikashika goti la pili. Mkwe akauvuta mguu, akaibandua ile plasta ya goti la kwanza pamoja na vinyweleo.

“Binti yangu utamwambia wewe,” nikamwambia.