Mikono ya Gaynor Kwenye Sinema

"Ile ni mikono yangu, Avril, na wewe ulikuwepo."

Gaynor Sugden aliyasema hayo Ijumaa moja jioni, miaka kadhaa iliyopita, kwenye foleni ya duka la samaki na chipsi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama nje kwenye mvua. Avril Tordoff alikuwa mbele yake na hata hakugeuka. Alimwambia muuzaji amwongezee siki, akapokea kifurushi chake cha moto, akatoka. Watu wengine wakainamisha macho. Hapa Skelsea, kimji chetu cha pwani ya Uingereza, mtu akigombana hadharani, wanaoona haya ni wasikilizaji.

Hiyo mikono ni ya kwenye sinema iliyopigwa katika mtaa wetu wa nyuma ya bandari, majira ya baridi. Inahusu mwanamke anayemwonea jirani yake wivu. Anamchungulia dirishani kutwa, na anafuma sweta kama ile anayovaa jirani, rangi ileile, vifungo vilevile. Siku anayoimaliza ndiyo siku jirani anapotea. Damu huioni. Kinachokutisha ni mikono inayofuma bila neno huku pazia la ng'ambo likitikisika. Mume wangu, ambaye amevua samaki kwenye dhoruba za kila aina, aliniomba niwashe taa.

Mwigizaji wao mkuu alikuwa mzuri wa sura, lakini sindano alizishika kama mtu anayepambana na sahani ya tambi. Ndipo watengenezaji wakatuma binti mmoja aje kutafuta mikono ya kuazima kwenye ukumbi wa kanisa, ambako sisi wanawake hukutana kila Jumatano kufuma na kusengenya. Akatukagua mikono kama mtu anayechagua samaki. Wakabaki wawili, Avril na Gaynor.

Kwa kufuma, Avril alikuwa fundi kuliko sisi sote, na alilijua hilo. Lakini Gaynor alifuma kama bibi yake, na kama wake wa wavuvi wa zamani wa pwani hii: sindano ya kulia kaibana kwapani, haichezi, mkono ukipita juu yake haraka haraka. Binti yule akapenda namna hiyo. Akamchukua Gaynor. Avril naye, ili kumpoza, akaombwa aje ashike donge la uzi, mahali ambapo kamera haioni.

Sinema ya wivu ilikuja Skelsea kutafuta mikono. Wivu wenyewe iliukuta tayari.

Ilipotoka, majina yakapanda kwenye kioo mpaka la mpika chai wao, la Gaynor halimo. Watu wakamuuliza Avril, maana ndiye shahidi pekee wa hapa mjini. Akasema hakumbuki vizuri, siku ile walipita watu wengi.

Na sisi tuna tabia yetu moja. Mtu akijisifu mwenyewe, hasadikiwi. Hata kama anasema kweli, hasa kama anasema kweli. Sifa zako lazima azitamke mwingine, wewe ukatae kidogo, ndipo ziwe zako. Kwa hiyo kila Gaynor alipodai mikono ile ni yake, ndivyo watu walivyozidi kusema maskini, sinema imemwingia kichwani.

Na kweli ilimwingia. Huyu ni mwanamke aliyefunga samaki kwenye masanduku tangu usichana, kisha akawapakulia watoto wa shule viazi mpaka alipostaafu, na hakuna siku mtu alimwambia umefanya kitu kizuri. Mwanawe yuko Australia. Sasa kapata kitu kimoja chake, hana wa kumshuhudia. Akawa kila mgeni anamwekea ile sinema, anasimamisha picha palepale, anaweka mkono wake kando ya kioo wafananishe. Wageni wakaacha kuja. Clive, mumewe, akahamishia redio yake kwenye kibanda cha bustanini, akawa anakaa huko na nyanya zake.

Kisha ikaja baridi yabisi. Vidole vya Gaynor vikavimba na kupinda, na mikono ile ikawa haifanani tena na yoyote, si ya kwenye sinema wala yake mwenyewe. Baada ya hapo lilibaki neno la Avril tu.

Mwaka jana ukumbi wa kanisa ukaionyesha tena ile sinema, ili kupata fedha za paa. Taa zilipowashwa, tukinywa chai, Gaynor akaanza tena yale ya mikono yake. Bibi Outhwaite, ambaye amehamia juzi tu kutoka Leeds, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba wake, akamwekea mapajani.

"Basi tufumie kidogo, mpenzi, tuone."

Wachache wakacheka. Gaynor hakukataa. Akabana sindano kwapani, akazungusha uzi. Ukaponyoka. Akazungusha tena, polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ukaponyoka. Hakuna aliyekuwa anacheka sasa, ila hakuna aliyejua namna ya kumzuia.

Avril alikuwa ameketi karibu na birika. Akaweka kikombe chini.

"Mwacheni," akasema. "Ni mikono yake. Mimi ndiye niliyeshika uzi."

Bibi Outhwaite akauliza mbona basi hakusema miaka yote hiyo. Avril alimjibu yeye, lakini macho yalikuwa kwa Gaynor.

"Kwa sababu walipaswa kuchukua yangu."

Nilidhani Gaynor atamrushia uzi usoni. Ningekuwa mimi ningemrushia na sindano. Lakini yeye alinyoosha vidole vyake, kimoja kimoja, akavikunja tena.

"Yako ilikuwa mizuri zaidi," akasema. "Mimi sikubisha hata siku moja. Ila walichukua yangu."

"Walichukua yako," akasema Avril.

Watu wakaanza kumsogelea Gaynor, huyu anamshika bega, yule anasema alikuwa akijua siku zote, mwongo mkubwa. Gaynor akawa anawajibu aa, si kitu, ni mikono tu. Avril akaokota sindano na uzi, akamrudishia Bibi Outhwaite, akaja kuvuta kiti kando ya Gaynor.

"Hilo umelipa. Una deni lingine kwangu?" Gaynor akamuuliza.

"Sina."

"Basi nisogezee sukari."