Siku Ayeeyo Alipokubali Kisu

Nilipokuwa mtoto pale Modogashe, ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, alinifundisha kwamba mwanamke akishapasuliwa tumbo hospitalini hazai tena. Ayeeyo alikuwa mkunga. Alilisema jambo hilo kama mtu anayekuambia sukari imekwisha, na mimi, msichana wa miaka minane, ningebisha nini?

Basi hooyo, mama yangu, alipobeba mapacha, ayeeyo alifuatana naye hadi Garissa ili kumlinda na madaktari. Mimi nilibebeshwa chupa ya tahliil, maji yaliyosomewa Kurani, na nikaonywa vikali nisimwage hata tone.

Pacha wa kwanza, mvulana, alizaliwa asubuhi bila taabu. Ayeeyo aliletewa ampakate pale nje, akaniangalia kwa majivuno. Kwa imani yake, wa kwanza akishafungua njia, wa pili humfuata tu. Lakini huyu wa pili alikuwa amelala kukingama, na kila walipojaribu kumgeuza alikataa. Muuguzi akatoka mbio kusema hooyo apasuliwe.

"Hakuna basua," akasema ayeeyo. "Ngoja kidogo. Ndugu yake nafungua njia tayari."

"Mama, huyu mtoto anachoka. Njoo usikilize mwenyewe."

Ayeeyo aliingia, nami nikajipenyeza nyuma yake. Muuguzi aliweka chombo tumboni mwa hooyo, tukasikia moyo wa mtoto ukipiga, ukilegea, ukipiga tena polepole zaidi. Ayeeyo alipapasa tumbo upande huu na ule, kisha mikono yake ikasimama.

Hooyo alimshika mtandio, akamwuliza kwa Kisomali, "Hooyo, nifanye nini?"

Ayeeyo alimgeukia muuguzi. "Basua. Haraka, basua!"

Hooyo alikuwa amekatazwa kunywa chochote, kwa hiyo ayeeyo alininyang'anya chupa akampaka yale maji usoni. Walipompeleka hooyo, ayeeyo alikaa chini kwenye korido akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na niliogopa mno.

Dada yangu Hodan alitolewa amelegea, hana sauti. Walimhangaikia mpaka akalia, na tangu hapo hajanyamaza. Hakuna mtu nyumbani asiyebishana naye.

Hooyo alikuja kuzaa wengine wawili. Tulimtania ayeeyo hadi tukachoka: "Ayeeyo, kisu chako kilisahau kazi!" Naye alicheka akifuta machozi, akisema Mungu ni mkubwa.

Nimeacha kumtania mwaka huu tu, baada ya kushika mimba yangu ya kwanza. Asubuhi ile ayeeyo hakujua kwamba hao wawili watakuja. Hooyo ni mtoto wake wa pekee, na aliamini kabisa kwamba kwa neno lile anawaaga wajukuu wote ambao hawajazaliwa. Akawaaga, kwa ajili ya mmoja ambaye hata hakujua ni wa kike au wa kiume.