Ndizi Zilizogoma Kuiva

Tangu azikwe mumewe, Zubery, Fahima alifanya kila jambo kama anayemfanyia mtu mwingine. Alioga, akaswali, akachambua mchele, na mwezi wa pili wa eda ukaingia bila yeye kuuona. Hakulia. Majirani hapo kijijini Bweni walilisema hilo chini chini hata wakachoka.

Kazi yake ilikuwa kuvumbika ndizi, kuziivisha shimoni kwa joto, na kwa kuwa shimo lilikuwa uani, eda haikumzuia. Alitandika majani makavu ya mgomba, akapanga mikungu mibichi, akawasha makumbi ya nazi pembeni, akafunika. Miaka ishirini hakukosea. Safari hii alitia makumbi, akasahau, akatia tena, hajui mara ngapi. Siku ya tano alipofukua, alikuta ndizi za kijani kilichofifia, tepetepe kama zilizochemshwa, hazina utamu wowote.

Siku hiyo alifika Mudrik, mtoto wa mdogo wake wa kike, mwalimu wa baiolojia Kilindoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Ndizi zimegoma."

Mudrik alimenya moja, akainusa. "Moto ulizidi. Ndizi hujiivisha yenyewe, mama. Hutoa hewa fulani, ndiyo homoni yake, na hewa hiyo hutengenezwa na vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi ndani yake. Kimoja huandaa malighafi, cha pili huichanganya na oksijeni, hewa ikatoka. Kila kimoja kimejikunja kwa namna yake, kina kishimo ambamo malighafi yake tu ndiyo huenea. Joto la kiasi hukichangamsha. Likizidi, hukunjuka, kishimo kikapotea."

"Kikipoa je?"

"Kikishaharibika hivyo, hakirudi."

"Kama yai," alisema Fahima.

"Kama yai."

Mudrik alikuwa na maneno mengine, ya pole, aliyoyapanga njia nzima. Fahima alikuwa ameshainuka kuwatupia mbuzi zile ndizi.

Juma lililofuata alivumbika upya, makumbi machache, akaacha upenyo wa hewa kwa ajili ya ile oksijeni ya Mudrik. Siku ya nne zilitoka za manjano. Jirani yake Shamsa alikuja kuchukua chane mbili, akaonja.

"Tamu, mwenzangu."

Fahima naye akala moja. Alijua kwamba ni tamu, ila utamu haukumfikia. Akaimaliza hata hivyo, akatupa ganda, akaenda kutawadha.