Chaguo la Kwanza: Mikumi

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu, na mkuu wa shule alitupa siku mbili za kuijaza. Nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na mwaka ule ilikuwa imeamuliwa huko juu kwamba likizo ya mwezi wa sita si ya kulala. Kila mmoja wetu angechagua mafunzo ya wiki nne, na atakayefanya vizuri angewekewa nafasi kwenye chuo cha fani hiyo amalizapo kidato cha sita. Mafunzo yalikuwa matatu: maabara ya hospitali mjini Morogoro, shamba la mbegu hapa hapa Kilosa, na wanyamapori Mikumi. Uyapange unavyoyapenda, la kwanza mpaka la tatu.

Mimi nilitaka maabara. Niliwahi kupelekwa mle kupimwa damu, na wakati wenzangu wanaogopa sindano mimi nilihesabu madirisha. Manne. Nikarudia. Manne, yote yana nondo, na mlango una komeo. Mikumi haina komeo.

Nyumbani tulikuwa tunaishi na mjomba, kaka yake mama, aliyewahi kupata kibarua cha kufyeka kando ya barabara huko Mikumi. Alirudi na mkono mmoja. Nyati. Kisa chenyewe hakukisimulia hata siku moja, ila hakuwahi kukaa akiupa mlango mgongo, na mvua ikishuka kwenye bati kwa ghafla alikuwa ameshasimama kabla sisi hatujainua macho. Tulikuwa watu sita nyumba ile, na sote tulijua kiti kipi ni chake.

Sasa, akili ya kupanga mambo sikuipata darasani. Tangu darasa la tatu nilikuwa nauza machungwa stesheni, kwenye madirisha ya treni. Abiria hakubali bei ya kwanza. Ukimtajia ile unayoitaka, atakushusha chini yake. Kwa hiyo unaanza na ya mbali, anacheka. Unataja ya pili, anageuza uso. Filimbi inalia, unataja ya tatu, ambayo ndiyo uliyotoka nayo nyumbani, naye anapokea machungwa akidhani amekushinda. Na wakubwa nao, kwa jinsi nilivyowaona, walikuwa abiria tu. Kwenye duka la ushirika uliomba kilo mbili za sukari ukapewa nusu. Kijana wa jirani aliomba udereva, akapelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Niliwahesabu watu kumi na mmoja mtaani kwetu walioomba kitu. Nikawahesabu tena. Hakuna hata mmoja aliyepewa alichotaja kwanza.

Nikaandika: kwanza Mikumi, pili mbegu, tatu maabara.

Niliyekaa naye dawati moja alichungulia. "Wewe, umeweka simba kwanza?"

"Hiyo bei ya kuanzia."

"Na wakikubali?"

"Ulishaona abiria anakubali bei ya kwanza?"

"Nimeona," akasema. "Mgeni."

Chini ya mistari ile palikuwa na nafasi ya kueleza sababu. Muuzaji asiyesifu machungwa yake atajulikana kwamba bei yake si ya kweli, basi nikasifu. Niliandika kwamba tangu utoto moyo wangu uko porini, kwamba utajiri wa taifa huru una miguu minne na unahitaji vijana wa kuulinda, na kwamba mimi niko tayari usiku na mchana. Niliisoma mara mbili. Ilinigusa hata mimi.

Mkuu wa shule alikuwa amehamishiwa kwetu mwaka ule ule. Wiki iliyofuata aliisoma karatasi yangu mstarini, mbele ya shule nzima, kwa sauti ya taarifa ya habari. Kati ya wanafunzi thelathini na wanane, alisema, mmoja tu ameitanguliza Mikumi, na mmoja huyo atakwenda. Wenzangu wakapiga makofi kwa nguvu, kila mmoja kwa furaha ya kuwa si yeye.

Saa ya mapumziko nilikwenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, bwana wa porini."

"Mwalimu, nilikuwa nafikiri, pengine chaguo la tatu nalo..."

Akaitoa karatasi. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Kuna mtu alikushika mkono?"

"Hapana, Mwalimu."

"Usipokwenda, jina lako linatoka kwenye orodha ya vyuo. Nami nitatakiwa kuandika kwa nini. Niandike kwamba uliwadanganya wakubwa, au ulinidanganya mimi? Chagua."

Sikuwa na hamu tena ya kuchagua kitu.

Nyumbani mama aliposikia aliendelea kuchambua mchele, akamaliza, akaanza kuuchambua ule ule upya. "Ungeniuliza," akasema, basi. Mjomba aliniita tulipomaliza kula.

"Mtakuwa na bunduki?"

"Nadhani, mjomba."

"Ngapi?"

"Sijui."

"Kahesabu."

Nilihesabu. Mikumi tulikuwa wanafunzi sita kutoka shule mbalimbali, askari mmoja, na bwana nyama, ndivyo watu walivyomwita afisa wa wanyamapori, aliyetufundisha. Watu wanane. Bunduki moja. Askari alipoisafisha nilizitazama risasi alizozipanga kwenye kitambaa. Tano. Nikarudia. Tano. Usiku nililala nikigawa.

Kazi tuliyofundishwa ilikuwa kuhesabu wanyama kwa miguu. Mnakwenda mstari mmoja, askari mbele. Akiinua mkono, mnasimama, kila mtu anahesabu kimya na kuandika namba yake. Haruhusiwi mtu kukimbia. Atakayekimbia anarudishwa, pamoja na barua.

Siku mbili za kwanza tulihesabu swala na pundamilia, nikaanza kupumua. Asubuhi ya tatu majani yalikuwa bado na umande, marefu kuliko kifua changu, na mkono wa askari ukainuka. Niliisikia harufu kwanza, kama zizi, lakini nzito. Kisha majani mbele yetu yakawa na pembe.

Sijui nieleze vipi. Nyati wanatazama kama mtu anayekukumbuka. Nikageuza macho, nikaona kwamba kutowaona ni kubaya zaidi, maana nisipowaona wanaweza kuwa popote. Nikarudisha macho. Mmoja. Wawili. Nilipofika kumi mmoja akapiga hatua kuja kwetu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, jasho likinitiririka mgongoni. Niliwamaliza, nikawahesabu tena. Kisha wakageuka wote kwa pamoja, na ardhi ikatetemeka mpaka walipopotea.

Bwana nyama alikusanya karatasi palepale.

"Huyu ameandika arobaini," akasema. "Arobaini ni woga. Wewe?"

"Ishirini na tatu, mzee."

"Ishirini na tatu ni nyati."

Jioni akaniita pembeni. "Karatasi yako niliisoma. Nzuri. Na mikono yako ilivyoshika kalamu leo nimeiona." Aliniambia kwamba asubuhi lori lingekwenda Kilosa kuchukua unga, na kwamba kwenye simu ya upepo amesikia maabara ya Morogoro wana nafasi moja wazi. "Nitaandika una homa. Homa haina aibu, na chuo hukosi. Uniambie kabla uji haujaisha."

Kilikuwa kile kile nilichokitaka, kuta nne na komeo, nacho kimeletwa bila hata kukiomba. Niliitafuta hila ndani yake, nikaitafuta tena, haikuwepo.

Asubuhi nilikaa na bakuli la uji, na uji haukushuka. Hofu haikuwa imepungua hata kidogo; tena ilikuwa imeongezeka, kwa sababu sasa nilijua harufu yao. Lakini kila nilipofumba macho niliwaona ishirini na tatu, mmoja mmoja, na jinsi kila mmoja alivyosimama, na mbele ya mirija ya damu sikujiona. Bwana nyama alinitazama mara moja. Niliweka bakuli chini, nikaenda kusimama kwenye mstari, wa tatu nyuma ya askari. Wa kwanza yuko mbele mno, wa mwisho ndiye anayechukuliwa na simba.

Lori liliwashwa, likanguruma kuelekea barabara ya Kilosa. Sikugeuka kuliangalia. Wala haukuwa ushujaa. Askari alikuwa ameinua mkono, na majani upande wa kushoto yalikuwa yanatikisika pasipo upepo.