Chipu ya Miguu Mitatu na Gorogoro ya Dani Apiyo

Naikumbuka Jumapili moja kule Usenge, mwanangu, naikumbuka hadi rangi ya nyaya nilizokuwa nimeshika. Nyekundu mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, na mbele yangu taa ndogo ya kijani ikiwaka vizuri kabisa, huku kwaya nzima haisikiki. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa stoo mjini Kisumu, na nikitoka kazini nilikaa mezani kwangu na chuma cha kuchomelea risasi, nikiunganisha vitu vya redio kwa kujifurahisha. Mama yangu, ambaye watu walimwita Mama Okoth kwa jina langu, aliongoza kwaya ya kina mama huko Usenge. Stima haikuwa imefika. Kipaza sauti chao kilitumia betri ya gari, na betri hiyo ilikuwa na tabia moja mbaya: kufa katikati ya wimbo. Ya pili walikuwa nayo, imechajiwa Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, na kuletwa juu ya gari pamoja na magunia ya mahindi. Ila hawakujua ni wakati gani wa kubadilisha.

Nikamwambia Mama, "Nitawatengenezea taa. Ikiwaka, imbeni. Ikizima, badilisheni betri kabla sauti haijakatika."

Sasa nikueleze kidogo kuhusu chipu niliyotumia, maana hata leo inauzwa na ninyi vijana mnaichezea. Ni kadude keusi ka miguu mitatu, ukubwa wa punje ya hindi, na ukiwa na haraka utadhani ni transista. Yangu niliitoa kwenye mashine iliyoungua. Ndani yake kuna kipimo kimoja kisichobadilika: volti mbili na nusu. Unaweka rezista mbili za kugawanya nguvu ya betri, sehemu ndogo unaipeleka kwenye mguu wa kupimia, na chipu inalinganisha. Ikifika mbili na nusu, inafungua njia na taa inawaka. Ikipungua, inafunga. Kwa kuchagua rezista, unaiambia ilinde volti ngapi. Inakutii katika hayo yote, lakini ile mbili na nusu yake haikubali uibadilishe.

Mimi nilitaka taa izime betri ikishuka hadi kumi na moja nukta sita. Kabla ya kuunganisha, nikaipima chipu kwa mita yangu ya volti, ya namba, mpya, ambayo niliiona kama saa ya dhahabu. Mita ikasema mbili nukta tisa. Nikapima tena. Mbili nukta tisa.

Nikacheka peke yangu. "Wewe umeungua," nikaiambia ile chipu. Sikuitupa, maana ilikuwa moja tu. Nikasema basi, kama hii inadanganya, nitaupigia hesabu uongo wake. Nikachagua rezista za kuigawa betri mara nne, maana mbili nukta tisa mara nne ni kumi na moja nukta sita. Nilijiona hodari sana. Hata nilipopima betri iliyolala bila kazi na mita ikasema kumi na nne nukta sita, sikushtuka. Nilifurahi kwamba betri ina nguvu! Na pembeni ya kioo cha mita kulikuwa na alama ndogo ikiwakawaka. Nilidhani ni urembo.

Siku ya sherehe ya shukrani ilifika. Kwaya ya Port Victoria walikuja na jenereta yao, na kiongozi wao, kwa roho safi, akamwambia Mama, "Dada, chomeka waya kwetu, tuimbe wote." Mama akakataa mbele ya kanisa lote. "Asante, mpendwa. Sisi tuko na ya kwetu. Kijana wangu ametengeneza."

Mwanangu, mzazi akiweka neno mbele ya watu kwa ajili yako, neno hilo ni mzigo. Mama aliliweka kwa furaha, na mimi nikavimba kichwa.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Katika ubeti wa tatu, pale Mama anapoinua sauti peke yake, kipaza sauti kikakohoa, kikakwaruza, kikanyamaza. Nikaangalia taa. Kijani. Nikatikisa waya. Kijani. Mama alikuwa amesimama mkono juu, mdomo wazi, na watu wa nyuma hawasikii chochote. Betri ya pili ilikuwa chini ya benchi, futi mbili kutoka mguu wangu, na mimi nimeganda nikiitazama taa.

"Okoth!" mzee mmoja akaita kutoka nyuma. "Hiyo taa inawakia nani? Sisi tuko gizani!"

Na Dani Apiyo, nyanya yetu sote katika safu ya sauti ya chini, akamalizia bila kugeuka: "Mwacheni. Hata samaki akikufa, macho hubaki inang'aa."

Kanisa likacheka mpaka watoto wakaamka. Port Victoria walituvutia waya wao, na Mama akamaliza wimbo kwa nguvu za jenereta aliyoikataa.

Asubuhi yake, kabla sijarudi Kisumu, Dani Apiyo aliniita ufuoni, mahali kina mama walipouzia omena, wale dagaa wa ziwani. "Njoo, nyakwara," aliniita, maana yake mjukuu wangu. "Niambie, nani alidanganya?"

"Ni chipu, Dani. Nilipima kwa mita. Mita ni ya namba, haiwezi kukosea."

"Na mita, nani aliipima?"

Dani akafungua kitambaa, akatoa gorogoro kuukuu, mkebe wa mafuta ya kupikia kama ile waliyopimia wote. Hiyo haikupima omena. Ilikaa kwa Dani kwa sababu moja: muuzaji na mnunuzi wakigombana, mkebe wa muuzaji hujazwa maji, na maji hayo humiminwa kwenye mkebe wa Dani. Siku hiyo hiyo dada mmoja muuzaji aliitwa. Maji yake hayakufika ukingoni. Akaruka: "Dani, hii yako imepanuka!"

Dani akaupindua mkebe wa yule dada na kutuonyesha kitako kilichobonyezwa ndani. "Kila mwenye kitako kimebonyea anasema yangu imepanuka," alisema. Kisha akanitazama. "Okoth, enda uangalie kitako ya mita."

Nyani haoni kundule. Nilikwenda Kisumu, nikafungua mgongo wa mita, nikakuta kabetri kake kamechoka. Ile alama ya pembeni ndiyo ilikuwa ikilia njaa! Mita ikichoka hivyo, huongeza chumvi. Nikaweka kabetri kapya, nikaipima chipu. Mbili nukta tano. Haikuwa imesogea hata kidogo. Taa yangu ilikuwa ikilinda volti kumi, yaani mbili na nusu mara nne, na kwenye volti kumi kipaza sauti hakina uhai.

Nikabadilisha rezista moja tu. Chipu ni ile ile.

Nilirudi Usenge Jumapili iliyofuata na kumwomba Mama ruhusa. "Kosa moja haliachi mke," alinijibu, "sembuse mtoto. Weka." Katika wimbo wa pili taa ikazima. Sauti ilikuwa bado nzito na safi, na watu walidhani nimeharibu tena. Nikasubiri mwisho wa ubeti, nikahamisha nyaya, kijani ikarudi. Mama hakugeuka. Alipandisha tu wimbo, juu kuliko nilivyowahi kumsikia, na Dani Apiyo akanikonyezea jicho.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Katika kazi na katika maisha, tafuta kitu kimoja kilichosimama, kiwe chipu, mkebe au mtu asiyepinda neno. Siku kitakapopishana na wewe, usianze kukirekebisha. Pindua kwanza mkebe wako uangalie kitako. Na mzazi akikusifu mbele ya watu, nenda ukapime tena mara mbili.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na macho ya kuona alama ndogo pembeni. Na siku kanisa zima litakapokucheka, awepo Dani wa kukuita asubuhi yake ufuoni.