Kivuli cha Mikaratusi

Majani ya mkaratusi yakichemka na mvuke ukinijia chini ya blanketi, nakiona tena kishamba chetu ndani ya msitu wa serikali, upande wa Busia. Miti mikubwa ilikuwa imekatwa, na bwana miti wa serikali akampa mama kipande katikati ya visiki. Sharti lilikuwa hili: alime mahindi na kutunza miche ya mikaratusi. Siku miche itakapotoa kivuli, ahame.

Asubuhi ukungu ulilala juu ya visiki. Jirani yetu alilegeza mizizi ya miche yake kwa jembe, polepole, isikue haraka. Mama aliipalilia yake kwa vidole.

“Dada, unalea mtoto wa kukufukuza,” jirani akamwambia.

“Nalea tu. Mti haujui mambo ya serikali.”

Miche ilinifika magotini, kisha kifuani, kisha nikawa natazama juu. Mahindi yakapauka kivulini kama yameota ndani ya nyumba.

Siku ya kuhama, gunia letu la mahindi halikujaa. Mama akavunja matawi ya mkaratusi, akajazia juu.

“Haya nayo tumeyalima,” akasema, akajitwika.